Kibanda Kisicho na Maziwa

"Nije na ngano?"

"Njoo nayo!"

"Mmeitengea kiti?"

"Ikae!"

Uongo, eti! Wewe hapo uliyebinua mdomo, hata sijaanza umeshasema ni uongo. Ulikuwepo? Hukuwepo. Basi ziba hilo pengo usikie, na asiyeamini aende akachambue mchicha.

Hapo kale Bi Nguchiro alikuwa na watoto wawili, mbuzi mmoja wa maziwa, na pua isiyomwamini mtu. Kila kitu alikinusa. Uji, fu! fu! Maji, fu! fu! Hata mgeni, kabla hajakaribishwa, fu! fu!

Jirani yake alikuwa Bwana Ngiri, meno nje, shingo kama gogo. Ngiri alilima nyanya, akazipiga dawa ya wadudu mpaka nzi wakahama kijiji. Madumu ya dawa hakuyaweka kwake, kwa kuhofia wezi. Aliyasukuma uvunguni mwa kitanda cha Bi Nguchiro. Dawa nyingine aliimimina kwenye chupa za soda, akazipanga kando ya mtungi wa maji. Nani angemzuia, na meno yale?

"Bwana Ngiri, hii ni sumu, na hapa wanalala watoto."

"Sumu kwa asiyekunywa maziwa," Ngiri akasema. "Maziwa yanaua sumu, kila mkulima anajua. Lete kibuyu."

Glu, glu, glu! Kibuyu kikakauka. Anakwenda shambani kupiga dawa: lete kibuyu. Glu, glu, glu! Anarudi kutoka shambani: lete kibuyu. Watoto wa Bi Nguchiro wakabaki kulamba mdomo wa kibuyu.

Siku moja mtoto yule mdogo alionekana na chupa ya soda, kizibo keshakitia jinoni. Bi Nguchiro akanusa, fu! Akaipiga chupa teke. Pwaa! Kuku akaja kudonoa pale ilipomwagika. Hakufika mlangoni.

Bi Nguchiro hakulia. Alimwosha mtoto kwa sabuni, akajiosha mguu, akamfukia kuku, kisha akabaki na jembe mkononi, anafikiri.

Mbali na nyumba, mbali na kisima, akajenga kibanda. Mlango wa mbao, kufuli la chuma, rafu ukutani, mchanga sakafuni, vidirisha viwili juu vya kupitisha hewa. Akakaa mlangoni na rungu.

Ngiri akapita. "Humo mna nini?"

"Hamna kitu."

Akapita tena. "Humo mna nini?"

"Hamna kitu, baba. Kwani ni kosa mtu kufunga mlango wake?"

Ngiri akasimama. Akaangalia kufuli. Akaangalia rungu. Akamwangalia mbuzi: kiwele kimenywea, keshakamuliwa. Ahaa! Kumbe maziwa yangu yanafichwa humu.

"Kibanda hiki nakitaka mimi."

"Jamani, Bwana Ngiri! Nimekijenga kwa mikono yangu!"

"Lete ufunguo!"

"Haya, chukua. Lakini ukihamia humo, hamia na vyako vyote. Usije kesho ukasema Nguchiro kakuibia dumu."

"Hata usingeniambia! Nikuachie wewe vitu vyangu, mwizi wa maziwa?"

Akabeba madumu. Akabeba chupa za soda. Hakuacha hata kizibo. Bi Nguchiro nyuma yake, fu! fu! kuhakikisha.

Ngiri akajifungia. Akaviziba vidirisha kwa magunia, asichunguliwe. Akaanza kufukua mchanga kwa yale meno. Chaka, chaka! Maziwa hakuna. Kona nyingine, chaka, chaka! Maziwa hakuna. Makalio yakagonga rafu, dumu likaanguka, bwaa! Dawa mgongoni.

Macho yakamchoma, udenda ukamtoka, kichwa kikamzunguka kama pia. Akatoka na mlango.

"Maziwa! Nipe maziwa, nakufa!"

"Dawa iko mgongoni, maziwa yataifuata huko? Simama penye upepo!"

Bi Nguchiro akavaa glavu za mpira, akammwagia ndoo, akamsugua kwa sabuni, akammwagia ndoo nyingine. Yeye na majirani wakamkimbiza kwa mganga, na kibandiko cha dumu chenye jina la dawa wakaenda nacho, mganga asije akabahatisha.

Ngiri alirudi amekonda, meno tu ndiyo yaliyobaki na unene. Akamkuta Bi Nguchiro mlangoni pa kibanda, bawaba mpya, ufunguo shingoni.

"Ukitaka dawa nitakutolea mimi. Na chupa ya soda usinioneshe."

"Na maziwa je?"

"Yamo humo ndani. Karibu ukayachukue."

Pukutu, pukutu, pukutu! Hadi leo Ngiri akikimbia mkia juu, hilo ndilo analokimbia. Na watoto? Glu, glu, glu!

Fundisho la ngano hii ni kwamba kushuku wenzako ni tabia mbaya sana. Ukiona chupa ya mtu uvunguni mwako, usinuse, usiulize. Lala usingizi wako. Mimi? Mimi nanusa hata chai ya mkwe wangu.

Ngano nimeitua, aliyeidondosha asiniite. Wewe bado umebinua mdomo? Haya, baki nao. Natoka, na mlango naufunga.

Kufuli, kacha!