Upepo wa Pili Kwenye Jua la Utosi

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa kilima, pakawa bonde.
— Na bondeni?
Bondeni pakawa gari jipya, linang'aa kama jicho la chura.
— Linakwenda?
Ngojeni basi, msiniharakishe. Hata walionunua waliambiwa wangoje.

Zamani hizo wanyama wa bondeni walibeba mizigo kichwani na mgongoni. Siku moja Kiboko akafungua karakana kando ya mto. Akapiga mbiu, akawakusanya wote.

"Wenzangu, nimeunda gari! Jina lake Upepo. Halichoki, halili majani, halinuni. Anayelitaka alete akiba yake ya kiangazi leo. Gari atalipata kesho."

Wakaleta. Swala akaleta mtama. Nungunungu akaleta karanga. Mzee Kobe akaleta mbaazi zake kavu, kwani nani ahitajiye gari kumshinda kobe? Na Bi Pimbi, yule mnyama mdogo asiye na mkia, mjane wa majabalini, akaleta ulezi wa wanawe. Kiboko akavitia vyote ghalani mwake, akafunga mlango.

Kesho ikafika. "Bwana Kiboko, magari?"

"Kesho. Rangi haijakauka."

Kesho nyingine ikafika. "Bwana Kiboko, magari?"

"Kesho. Magurudumu yako njiani."

Kesho nyingine tena. "Bwana Kiboko..."

"Ala! Mnadhani gari ni uji, lakorogwa likanywewa?"

Mvua zikaisha, baridi ikaingia, ndipo magari yakatoka. Yaling'aa, loo! Swala akafungua mlango wa lake, kwach! Mlango ukambakia mkononi. Nungunungu akapiga honi, boneti ikaruka, ikatua mtini. Mzee Kobe akateremka kilima. Akakanyaga breki, kimya. Akakanyaga tena, kimya. Gari likaingia mtaroni, na mguu wake wa nyuma ukavunjika.

Wakambeba Mzee mpaka karakana. Kiboko akamtazama juu hata chini.

"Mzee, uliendesha kwa kasi mno."

"Kwa kasi?" Kobe akauliza. "Mimi?"

"Wewe. Gari halina kosa. Vipuri viko njiani. Lakini ya nini kuhangaika na gari la kizamani? Nazindua toleo jipya, Upepo wa Pili! Leteni asali."

Wengine wakaanza kunong'onezana habari za asali. Bi Pimbi hakunong'ona. Alikuwa akiiangalia miguu ya Kiboko. Ilikuwa na tope, tope bichi la njiani.

"Bwana Kiboko," akasema taratibu, "mbona wewe hatujakuona ndani ya gari hata siku moja?"

Kiboko akapiga mwayo mrefu. "Mimi? Daktari amesema nitembee."

"Daktari gani?"

"Karakana inafungwa!" Kiboko akasema, na jua lilikuwa halijafika hata katikati.

Bi Pimbi akarudi nyumbani na shaka yake kifuani. Wanawe wakamlaki. "Mama, leo tunakula nini?" Akawapa majani, wakatafuna. Ulezi wao ulikuwa ghalani kwa Kiboko. Akaenda kwenye gari lake, akajipenyeza uvunguni. Akagonga sakafu. Haikulia kama chuma. Ilisema pwa, pwa. Akakwangua rangi. Kumbe! Sakafu nzima ilikuwa maganda ya migomba yaliyokaushwa, yameshikanishwa kwa ulimbo, ule utomvu wa kunasia ndege. Akachuna kipande, akakiweka juu ya jabali juani. Ulimbo ukalegea, ukatiririka, ganda likaachia.

"Ahaa," akasema Bi Pimbi. "Ndiyo maana alingoja baridi."

Asubuhi akaenda kwa Swala, kwa Nungunungu na kwa Mzee Kobe. Akawaonyesha lile ganda. Swala akataka kwenda kupiga kelele karakanani.

"Ukipiga kelele atakuambia vipuri viko njiani," Bi Pimbi akamwambia. "Mimi nataka chakula changu. Chukueni ngoma, mniachie maneno."

Akaenda kwa Kiboko, akamsalimu kwa adabu, akainama mpaka pua ikagusa vumbi.

"Bwana Mkubwa, nimetoka ng'ambo ya kilima. Tembo wa kule ana shamba la miwa, mwanzo wauona, mwisho huuoni. Anataka magari ya ukoo wake wote. Atalipa shamba zima."

Masikio ya Kiboko yakasimama. Kisha yakalala. Akamkazia macho.

"Na wewe unaniletea heri hiyo kwa nini? Jana ulinihoji kama askari."

"Nina tamaa yangu, Bwana. Gari langu halina mlango. Ukipata miwa, unipe mlango."

Kiboko akacheka. Anayetaka mlango haogopwi. "Nitampelekea gari lini?"

"Kesho, jua la utosi. Tembo hulala asubuhi. Ila anataka kuona gari limebeba shehena, tena mwenye karakana mwenyewe yuko kwenye usukani."

"Jua la utosi?" Kiboko akasita. "Twende alfajiri."

"Kwani jua lina nini, Bwana?"

Wateja waliokuja na asali walikuwa wamesimama pale, masikio wazi. Kiboko akawatazama, akamtazama Pimbi. Akaiwaza miwa. Mate yakamjaa.

"Jua halina kitu," akasema. "Gari langu halijui jua."

Basi kesho yake ghala likafunguliwa. Magunia yote yakapakiwa ndani ya Upepo wa Pili. Mwenyewe akajipachika mbele, tumbo likaubana usukani, hata kugeuka nyuma hawezi. Jua lilikuwa katikati ya utosi. Nyuma ya gari wakapanga foleni Swala, Nungunungu na Bi Pimbi, na ngoma shingoni. Mzee Kobe, kwa ajili ya mguu wake, alikuwa amekwisha kukalishwa njiani, chini ya kilima.

Kotokoto, kotokoto, kotokoto! Gari likaondoka.

Pu! Gunia likaanguka.

"Mlio gani huo?" Kiboko akauliza.

"Ngoma, Bwana! Tunakushangilia!" Bi Pimbi akajibu.

Swala akaangalia gunia. Mtama wake! Akalitwika, akaingia porini. Kotokoto, kotokoto.

Pu!

"Na huo?"

"Ngoma, Bwana! Wanakupenda!"

Nungunungu akakumbatia karanga zake, akapotea. Kotokoto, kotokoto.

Pu! Gunia la mbaazi likatua mbele ya Mzee Kobe. Akalipanda, akalikalia kama kiti.

"Pimbi! Huo si mlio wa ngoma!"

"Ni ngoma ya wazee, Bwana. Hupigwa polepole."

Kiboko akaanza kushuku. Akanusa. Harufu ya ulimbo. Akataka kusimama, lakini mbele akaiona miwa ikichungulia kutoka ng'ambo ya kilima, mirefu, mitamu. Akasema moyoni, "Nikifika, nitaangalia." Akakanyaga mafuta.

Pu! Hilo lilikuwa la ulezi. Bi Pimbi akalifungua, akatia mkono, akanusa. Ni wake. Machozi yakamtoka. Hakupiga ngoma tena. Akajitwisha, akashika njia ya majabalini, kwa wanawe.

Kiboko akafika kileleni peke yake, na gari likaanza kuteremka. Akakanyaga breki, kimya. Akakanyaga tena, kimya. Mlango wa kulia, kwach! Mlango wa kushoto, kwach! Sakafu iliyobaki ikaachia, miguu yake ikagusa ardhi, ikawa ndiyo inayokimbia. Gurudumu moja likampita, likamtangulia shambani.

Alipofika kwenye miwa, Tembo alikuwa akijipepea kwa masikio.

"Karibu, mgeni. Unatafuta nani?"

"Nimekuletea..." Kiboko akahema. "Nimekuletea gari."

Tembo akamzunguka. Akatazama mbele, akatazama nyuma. Kiboko alikuwa ameshika usukani tu, hakuna kingine.

"Mimi na miguu hii minne, gari la nini?" Tembo akauliza. "Na hilo gari lenyewe liko wapi?"

Kiboko akatazama usukani. "Liko njiani," akasema.

Akarudi mtoni kwa kupitia vichakani, asionekane. Chubwi! Akazama. Ndiyo sababu hadi leo mchana kutwa yumo majini, ametoa macho na masikio tu. Anasikiliza kama yuko anayeuliza gari lake.

Sasa funzo, wanangu, na mlishike vizuri. Mnunuzi mwema hulipa kwanza, akaona baadaye. Gari likichelewa, ujue linatengenezwa kwa mapenzi. Likikuvunjikia, kosa ni lako. Na usiingie uvunguni mwa kitu ulichouziwa, ni utovu wa adabu.

— Kweli hiyo?

Mimi nimetumwa kusimulia, sikutumwa kuapa. Ngano nimeitua. Iliyokukolea, nenda nayo. Isiyokukolea, tia chumvi yako.