Fisi Mkata Vichwa Aomba Radhi

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa shoka!
Pakawa shingo!
Shingo ya nani?
Si yangu!

Haya, tulieni. Hapo kale Fisi alikuwa mkata vichwa wa Mfalme Simba. Ujira wake ulikuwa nyama ya aliyekatwa, basi kazi aliipenda huyo!

Siku moja Kanga, tarishi wa mfalme, akapotea. Mifupa yake ikaokotwa mlangoni kwa Bi Nguchiro, mjane mdogo mwenye maneno mengi.

"Mayai naiba, sikatai," akalia Bi Nguchiro. "Lakini Kanga mzima? Kwa tumbo hili?"

Hawakumsikiliza. Akahukumiwa kukatwa kichwa.

Fisi akanoa shoka: kwaru, kwaru, kwaru! Tumbo lake likajibu: nguru, nguru! Alikuwa hajala tangu juzi, anaweka nafasi. Bi Nguchiro akamkodolea macho. Mara Fisi akakenua, na kwenye jino lake limenasa nyoya la madoadoa. Kumbe! Lakini nani angemwamini mfungwa?

Sasa, desturi ya huko ilikuwa hii: mkata vichwa humwomba radhi anayemkata, na asipopewa radhi, shoka halishuki.

"Bi Nguchiro, niwie radhi kwa yote," akasema Fisi, mate yakimtoka.

"Yote yapi, baba? Taja moja moja."

"Ya kukukata kichwa."

"Nimekuwia. Nyingine?"

Nguru, nguru! "Ya kuiba kuni zako."

"Nimekuwia. Nyingine?"

"Ya kucheka kwenye msiba wa mumeo."

"Siku ile uliniumiza sana, Fisi. Nimekuwia. Nyingine?"

"Zimekwisha!"

"Bado moja. Mimi nangoja tu, sina njaa."

Nguru, nguru, nguruuu! Fisi akashindwa. "Ya kumla Kanga na kutupa mifupa mlangoni kwako! Haya, nipe radhi nile!"

Uwanja wote ukamgeukia Fisi.

Simba akainuka. "Fisi akatwe! Bi Nguchiro, shika shoka."

Bi Nguchiro akaliburuta shoka, zito kumshinda mwenyewe. Desturi ni desturi. "Fisi, niwie radhi."

Fisi ni mlafi, lakini si mjinga mara mbili kwa siku moja. "Sikuwii!"

Simba akajikuna manyoya. "Basi tutangoja mpaka akuwie."

Wakangoja. Kesho yake Bi Nguchiro akamkuta Fisi amefungwa kambani, kakonda, analia. Akamhurumia. Tangu hapo kila asubuhi humwendea.

"Fisi, niwie radhi."

"Sikuwii, bibi."

"Haya, kunywa uji usipoe."

Na lile shoka? Ndilo linalopasua kuni za uji.

Basi wanangu, shikeni funzo: msimsamehe mtu hata siku moja. Kusamehe kunaua!

Shoka je?
Limelala!
Na shingo?
Ipo!
Mimi nimemaliza. Uji uliobaki, leteni huku.