Meno ya Sufi

Hapo zamani, si zamani sana, huko milimani Upare, aliishi Bi Naetwe na wanawe wawili watu wazima, Mbonea na mdogo wake Nakijwa. Baba yao alipozikwa, mama aliacha kusema. Akisalimiwa, kimya. Akipewa chakula, kimya. Ndipo Nakijwa akamletea sungura mweupe, wakamwita Sufi. Asubuhi moja Nakijwa akasikia sauti uani: "Kula, baba, kula." Ni mama, anamlisha Sufi! Alilia palepale mlangoni.

Tangu hapo Sufi akadekezwa. Mbonea akileta majani, mama huyasukuma pembeni. "Haya yatamkwaruza koo." Akamlisha uji, akamlisha mkate uliolowekwa kwenye chai. Sufi akanenepa.

Kisha akaanza kukonda. Anausogelea uji, anaunusa, anaondoka. Nakijwa akamwinua amtazame, akashtuka. Meno ya mbele yalikuwa yamerefuka na kujikunja kama mundu, na kidevu kimelowa mate.

"Mungu wangu! Meno gani haya?"

Hakungoja. Alimviringisha Sufi kwenye kanga, akachukua plaizi ya kukatia waya, akabana. Jino likalia kacha! Na Sufi akapiga yowe. Nakijwa hakuwahi kujua kuwa sungura ana sauti. Lilikuwa yowe la mtoto mchanga. Plaizi ikamdondoka.

Yeye na Mbonea wakamkimbiza kwa daktari wa mifugo. Daktari akammulika kinywani, akakunja uso. "Njooni muone."

Wakainama. Magego yalikuwa yameota ncha kali kama miiba, na ulimi umechanika huku na huku.

"Meno ya sungura hayaachi kuota," daktari alisema. "Kutafuna majani ndiko kunakoyapunguza. Huyu alikuwa akila nini?"

"Uji," Nakijwa alijibu, na neno lenyewe likamtisha.

"Na hili la mbele limepasuka mpaka kwenye mzizi. Mngemleta mapema ningeyasawazisha."

Sufi akatikisika mara moja, akakata roho pale mezani.

"Daktari, ni kipi kilichomuua, magego au jino nililolikata?"

"Dada yangu, siwezi kukutenganishia."

Nyumbani, mama aliposikia, aliketi chini kama aliyesukumwa. "Ni mimi. Mkono wangu ndio uliomnyima majani."

"Hapana, mama," Nakijwa alisema. "Wewe ulimlisha kwa mapenzi. Mimi ndiye niliyemkata bila kumuuliza mtu."

Mbonea alikuwa ameegemea ukuta. "Kidevu kile niliona kimelowa tangu mvua za vuli. Na kwamba sungura hula majani nilijua, nimewafuga. Lakini mama alikuwa ameanza kusema. Niliogopa nikimkataza atanyamaza tena. Basi nikanyamaza mimi."

Nakijwa akamgeukia kaka yake, mdomo wazi.

Kesho yake jirani akaja na kitoto cha sungura kikapuni. "Poleni. Nimewaletea huyu, lakini nataka mtu mmoja tu wa kubeba dhamana yake. Nimkabidhi nani?"

Wote watatu wakarudi nyuma hatua moja. Jirani akabaki amenyoosha mikono, kitoto kinachungulia.

Haya, wenzangu mnaonisikiliza, msaidieni jirani. Yuko aliyelisha, yuko aliyekata, yuko aliyeona akanyamaza. Ungekuwa wewe umeshika kikapu kile, ungempa nani?