Msiba Kwenye Nyumba ya Wageni

Sogeeni ndani, walioko mlangoni. Na akina mama nyuma ya pazia, spika ikikoroma gongeni ukuta, maana leo sitaki mtu aseme hakusikia. Leo nina hasira. Nimejaribu kuituliza, imekataa. Nitawapa mfano badala ya kuisema yenyewe, kwa sababu hasira ikisemwa ilivyo hugeuka matusi, na hapa si mahali pa matusi.

Palikuwa na kijana mmoja na mama yake, wana nyumba ndogo ya wageni ufukweni. Aliijenga baba, Mungu amrehemu, chumba baada ya chumba, kila alipopata. Baba alipofariki wakaishika wao wawili: mama jikoni, mwana mapokezi. Sasa mnajua bahari inavyoitenda nyumba. Chumvi inakula. Plasta ikabambuka chini ya madirisha, bawaba zikashika kutu, rangi ikatoka mabaka kama ngozi yenye choa. Wageni wakaanza kuchungulia, kusema asante, na kwenda kulala kwenye hoteli mpya ng'ambo ya barabara.

Yule kijana hakuwa mvivu. Nataka mlishike hilo, msije mkamfanya shetani. Aliona jasho la baba yake linamomonyoka, akaamua kukarabati. Alibandua plasta yote mpaka kwenye mawe, akapiga chokaa upya, akaipaka sakafu rangi nyekundu ikang'aa, akabadilisha milango na vyandarua. Kisha akamwita fundi wa mapambo kutoka mjini.

Fundi akapita chumba kwa chumba, mikono nyuma, akasema, "Vyumba ni safi, kaka, ila vimepoa kama hospitali. Mgeni wa siku hizi anataka ahisi amelala kwa bibi yake. Hamna vitu vya zamani humu?"

Vitu vya zamani vilikuwepo. Vya nani? Vya mama.

Wakaanza na mbuzi ya kukunia nazi. Wakaipaka vanishi, wakaitundika ukutani. Mama akaja kutoka jikoni na vizio viwili vya nazi mkononi, imeshavunjwa, akasimama akiitazama huko juu.

"Baba, mbuzi yangu umeitundika. Nazi nikune kwa meno?"

"Nitakununulia mashine, mama. Hiyo sasa ni pambo."

"Haya. Pambo na liniletee tui basi."

Wakacheka wote wawili. Alimpenda mwanawe, na mwanawe alimpenda.

Baada ya mbuzi kikaja kinu, kikatiwa maua makavu. Zikaja kawa zake alizofunikia futari, zikageuzwa vifuniko vya taa, na kusema kweli zilipendeza. Kanga zake za arusi zikashonwa foronya. Kikaja kitanda chake cha kamba, chenye miguu ya kuchonga, alichozalia watoto wake wote. Kila alipoombwa alisema, "Chukua." Wala hakununa. Mwisho kikaombwa chumba chenyewe, kile cha mbele chenye upepo, ambacho mumewe alikijenga karibu na baraza ili mkewe asikie watu wakipita na salamu zao.

"Ni kwa muda tu, mama. Msimu ukiisha utarudi."

Akampeleka stoo ya nyuma, penye jenereta, magodoro ya akiba na makopo ya rangi iliyobaki. Msimu ukaisha. Ukaja mwingine. Na juu ya mlango wa kile chumba cha mbele kijana akatundika kibao kizuri cha mbao, kimechongwa: CHUMBA CHA BIBI.

Wageni walikipenda mno. Wakawa wanakigombania. Na asubuhi moja mgeni mmoja, mama wa makamo kutoka bara, mtu mwenye heshima zake, yuko mezani anasubiri chai, akamwambia kijana, "Mwanangu, nimelala kama niko kwetu. Huyu bibi mwenyewe yuko wapi? Nataka nimpe mkono."

Niwaulize nyinyi, angejibu nini? Aseme yuko stoo? Aseme ameketi juu ya magodoro, anavuta moshi wa jenereta? Aibu ilimkaba kijana wa watu, na aibu ikimkaba mtu hushika neno lolote lililo karibu. Akainamisha kichwa.

"Bibi alishatangulia mbele ya haki."

"Loo! Pole sana, mwanangu."

Na mama alikuwa amesimama nyuma ya mwanawe, na sinia ya vitumbua.

Hakupiga kelele. Aliweka sinia mezani, akamwambia mgeni, "Karibu, kula vingali moto," akavuta kanga kichwani akatoka. Akaenda nyumba ya pili kwa rafiki yake, mwanamke mwenye ulimi unaoogopwa mtaa mzima.

"Shoga, nimefariki."

"Toba! Lini?"

"Asubuhi hii, mezani kwa wageni. Mwanangu ndiye aliyetangaza."

Akamsimulia. Yule rafiki, ambaye hucheka hata penye kilio, siku hiyo hakucheka. Aliukunja mkeka wake, akauweka begani, akaanza kugonga mlango mmoja baada ya mwingine.

Desturi zetu mnazijua. Nyumba iliyofiwa jiko haliwashwi, majirani ndio huleta chakula. Meza na viti hutolewa, mikeka hutandikwa, wanawake huketi chini. Na mwenye nyumba haombwi ruhusa, maana msiba ni wa watu wote. Basi jua halijapanda sana, wanawake wa mtaa wamejaa kwenye ile nyumba ya wageni. Wakabeba meza za chai wakazipanga uani. Wakatandika mikeka barazani. Wakaketi. Na katikati yao, ameegemea ukuta uliopakwa chokaa mpya, akaketi marehemu mwenyewe, kanga imeshuka mpaka kwenye nyusi.

Kila aliyeingia alimpitia kijana kwanza.

"Pole kwa msiba, mwanangu."

"Mama yako alikuwa mtu wa watu."

Na yule mwenye ulimi akasimama mbele yake, mikono kiunoni. "Kaburi umeshachimbisha, baba? Au tumzike huko huko stoo?"

Wageni wamesimama madirishani, hawaelewi. Kijana akapenya katikati ya wanawake, akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, nakuomba. Inuka. Wageni wanatazama."

Mama akafunua kanga, akamtazama.

"Maiti haambiwi inuka, mwanangu. Maiti hubebwa. Haya, nibebe."

Akamnyooshea mikono, kama mtoto anavyomnyooshea mzazi. Na kijana akabaki pale magotini. Hakukataa kumbeba. Ila ambebe ampeleke wapi? Chumba cha mbele kina mabegi ya watu. Vile vingine vyote vina watu. Stoo? Mbele ya macho yale yote? Nyumba nzima aliyoipamba kwa vitu vya mama, hapakuwa na mahali pa kumlaza mama.

Mfano wangu umeishia hapo.

Nawaona. Wengine mnatikisa kichwa, na mzee mmoja hapo mbele kajipiga paja. Mmeshamhukumu yule kijana. Mimi nimemgeuza huku na huku, nimeshindwa kumhukumu kwa haraka hiyo. Hakumpiga mama yake. Hakumnyima chakula. Aliomba, akapewa, na kila alipopewa akadhani mwenye kutoa haumii. Alipenda kila kitu cha mama yake isipokuwa mama mwenyewe, kwa sababu kitu kikishatundikwa hakikohoi wala hakiulizi utarudi lini. Hilo ni baya, na atalijibu kwa Mola wake. Lakini aliliingia hatua kwa hatua, kama wengi wetu tunavyoingia mabaya yetu.

Hasira yangu siyo kwa kijana. Hasira yangu ni kwa wenye mikeka.

Mlikuwa upande wao, siyo? Mliposikia wamebeba meza za chai mlifurahi. Basi nambieni. Misimu miwili yule mama alilala kwenye stoo ile. Ukuta wa stoo ndio ukuta wa ua wa majirani. Jenereta lilipowashwa walilisikia, na alipokohoa walimsikia. Kanga zake waliziona zimeanikwa nje zimekuwa foronya, wakazitambua. Nani aligonga? Nani alisema, "Bibi, njoo ulale kwangu wiki hii"? Nani alimshika yule kijana mkono, kwa upole, wakati ule neno moja la mtu mzima lingetosha? Walisema ni mambo ya ndani ya watu. Siku iliposemwa amekufa, wote waliijua njia, na mambo ya ndani yakawa ya mtaa mzima!

Hao ni sisi. Wala msigeuke kumtazama jirani. Mwezi huu tumezika katika mtaa huu, na nyote mlikuwepo. Turubai lilifungwa kabla sijafika. Masufuria yalitoka nyumba saba. Vijana waligombania kubeba jeneza mpaka likayumba. Nikauliza pale makaburini, kwa nia njema tu, nani alimwona marehemu mara ya mwisho akiwa hai, alikuwa na hali gani. Mliangalia viatu vyenu. Watu wote wale, na hakuna aliyejua ugonjwa wake ulianza lini.

Sisi ni hodari wa maiti. Tunajua kumwosha, tunajua kumvisha, tunajua kumlilia na kumpikia wageni wake. Mtu akiwa hai, anapumua, ana njaa, ana aibu ya kusema, tunaona haya kuingilia. Haya ya nini? Mungu atatuuliza habari za mazishi peke yake? Mnadhani Mwenye kuona atavutiwa na wingi wa viatu mlangoni siku ya tanga?

Leo hakuna jeneza hapa mbele. Nimeangalia. Hakuna wa kumsalia. Kwa hiyo hakuna mtu mwenye udhuru wa kusema ameshatimiza wajibu wake kwa jirani.

Na dua ya kufunga siisomi sasa. Nitaisoma baada ya alasiri, kwa watakaorudi. Tokeni kwanza. Kila mmoja wenu anaujua mlango mmoja wa nyuma ambao huwa anaupita kwa mwendo wa haraka. Nendeni mkaugonge. Na akifungua, msimpe pole. Mwulizeni analala wapi.