Chungu Kifupi cha Mama Pimbi

Zamani sana, watoto wangu, wanyama walipokuwa bado wanasonga ugali na kufua nguo, kiangazi kilikausha mito yote. Kikabaki kisima kimoja tu, na Nyati akakikalia.

"Kila nyumba chombo kimoja kwa siku!" alinguruma. Akachomeka ufito ukingoni, kah! "Na chombo kisiupite ufito huu. Kikiupita, unarudi mkavu!"

Basi kila mnyama akahangaika kutafuta chombo kirefu sawasawa na ufito, hata kikiwa chembamba. Mama Pimbi, mdogo kuliko wote, alipata kipande cha mwanzi. Alisimama juani tangu asubuhi, mgongo ukimwuma, hata zamu yake ikafika, akaujaza. Akarudi kwake akijikokota.

Nyumbani mwanawe mdogo alikuwa na homa, midomo imempasuka. Sikudhani, binti yake mkubwa, akaleta kikombe. Maji yakamiminwa, kwi, kwi, kwi! Vikombe vitatu, mwanzi mtupu.

"Mama, yameisha?" Sikudhani akauliza.

"Yameisha, mwanangu."

"Mbona mwanzi wenyewe mrefu hivi?"

Mama Pimbi aliuegemeza mwanzi ukutani. Aliketi kizingitini, akanyoosha miguu iliyovimba. Macho yake yakatua kwenye chungu kitupu cha kupikia maharage pale jikoni, kifupi, tumbo nje.

"Sikudhani, chota mchanga kwa kikombe hicho, ujaze chungu. Uhesabu."

"Moja... mbili... tatu..." Mtoto akajaza, akajaza, mpaka jasho likamtoka. "Kumi na mbili! Lo, mama! Kifupi hiki kinameza mianzi minne!"

Mama Pimbi akatabasamu, tabasamu la mtu aliyechoka. "Nyati anapima urefu, mwanangu. Hatazami tumbo la chombo."

Kulipokucha wakaumwaga mchanga, wakakibeba kile chungu, mama huku, mwana huku, wakipumzika kila baada ya hatua chache. Kisimani Fisi alipowaona alicheka mpaka akakaa chini.

"Shikamoo, mzee," Mama Pimbi akamwamkia Nyati.

"Marahaba. Na hicho ni nini?"

"Chungu, mzee. Hakifiki hata nusu ya ufito. Nionee huruma, niruhusu kesho nije na chombo kirefu kidogo, kiupite ufito kidogo tu. Watoto wana kiu."

"Ebo! Thubutu!" Nyati akapiga kwato, pu! "Utateka kwa hicho hicho!"

"Basi nijaze mpaka wapi, mzee?"

"Mpaka mdomoni! Wote mmesikia? Ajaze mpaka mdomoni, aondoke!"

Sikudhani akaanza kuchota kwa kata. Chubwi! Chubwi! Chubwi! Nyati akapiga miayo. Chubwi! Chubwi!

"Bado tu?"

"Bado, mzee," Mama Pimbi akajibu, ameinamisha kichwa.

"Chombo kifupi hivyo kinajaa lini?"

Akang'oa ufito, akausimamisha kando ya chungu. Ufito ulikipita mbali. Akauinua, akausimamisha tena. Akajikuna sikio. Neno alikwisha kulitoa mbele ya watu.

"Mh! Ondokeni!"

Njiani Digidigi, jirani yao, akawakimbilia, thi thi thi, akahema. "Dada, hicho chungu umekitoa wapi?"

"Jikoni, shoga. Na wewe unacho."

Siku iliyofuata foleni nzima ilikuwa vyungu na mabeseni, vyote vifupi. Nyati alivipima kimoja kimoja kwa ufito wake, na hakuna hata kimoja kilichoupita.

Mama Pimbi hakuyaona hayo. Alikuwa amelala fofofo, mtoto ubavuni mwake, homa imeshuka, tumbo limejaa maji.

Basi, watoto wangu, ukitaka kujua chombo kinachukua kiasi gani, usikitazame kimo chake: kijaze, uhesabu.