Klachi ya Mwalimu Aminieli

Mtu mmoja wa Moshi alikuwa na gari ambalo majirani walilisikia kabla ya kuliona. Lilikuwa la Kimarekani, la zamani, jekundu, lenye milango miwili na usukani upande wa kushoto, na chini ya boneti yake ndefu ilikaa injini ya silinda nane. Mtu huyo aliitwa Mwalimu Aminieli. Alifundisha miaka thelathini na minne akastaafu akiwa mkuu wa shule, naye alifanana na gari lake: alipoita jina la mwanafunzi gwarideni, mama aliyekuwa akichuma kahawa ng'ambo ya korongo aliinua kichwa. Alikuwa mtu mwema, tusimsingizie. Ila wema wake ulimfikia mtu kwa kishindo, na wengi walioupokea walihitaji kukaa chini kidogo kabla ya kushukuru.

Mwalimu alikuwa na binti, Aikande, na binti alikuwa na mchumba. Siku mchumba alipokuja kujitambulisha, Mwalimu alimhoji kama mtahiniwa wa darasa la saba, kwa sauti ile ile ya gwaride, hata kijana wa watu akajimwagia chai na kusahau jina la baba yake mdogo aliyeketi kando yake. Tangu siku hiyo Aikande akawa anamwamkia baba yake, anamtengea chakula, na zaidi ya hapo hana neno. Miezi minne ikapita hivyo. Mwalimu aliumia sana. Alitaka kuomba radhi, lakini kila alipojaribu, ile samahani ilitoka kama tangazo la kufunga shule. Mwisho aliomba jambo moja tu: siku ya harusi ampeleke bintiye kanisani yeye mwenyewe, kwa gari lake. Humo njiani, wakiwa wawili, angesema. Aikande alikubali, na mzee alilia chooni ili mtu asimwone.

Wiki tatu kabla ya harusi, klachi ikaisha. Injini ilinguruma kama kawaida, lakini gari lilijivuta kama lina homa, na harufu ya kuungua ikajaa barabarani. Asiyejua magari na aelewe hivi: klachi ni kisahani cha chuma kisichozidi sahani ya chakula, kimefichwa mahali ambapo hakuna mgeni anayeonyeshwa, kati ya injini na gia. Injini ina nguvu na magurudumu yana safari, nayo klachi ndiyo inayozikutanisha hizo mbili polepole, zisigongane.

Mwalimu akaenda kwa fundi Mbaruku, mtu wa maneno machache mwenye gereji nyuma ya soko. Fundi akaweka klachi mbili juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida, yenye springi laini, inayoshika taratibu. Ya pili ilikuwa ya magari ya mashindano, nzito, yenye vipande vya shaba, nayo haikujua kitu kinachoitwa taratibu: ama imeachia kabisa, ama imeshika kabisa. Fundi akamuuliza gari litafanya kazi gani. Mwalimu akamjibu kwamba injini ile ina nguvu za farasi mia tatu. Fundi akauliza tena, kwa adabu, litapita wapi na kwa mwendo gani. Mwalimu akamweleza habari za farasi kwa mara ya pili, safari hii hadi wauza nyanya wakasikia. Wastaafu wenzake waliokuja kulitazama gari wakatikisa vichwa kwa heshima na kukubaliana kwamba injini ya dume haifungiwi klachi ya kubembeleza. Fundi akachukua spana, akaifunga ile ya mashindano.

Na kwa kweli ilimfurahisha. Asubuhi iliyofuata alishika njia ya Himo, barabara ikiwa tupu, akaachia klachi, na gari likaruka kama swala. Alirudi nyumbani anapiga mluzi. Hakuona kwamba goti lake la kushoto lilikuwa linatetemeka kwa ugumu wa pedeli, au pengine aliona akaliita uzee.

Ikaja siku ya harusi. Ninyi mnajua bi harusi wa kwetu anavyokwenda kanisani. Matarumbeta hutangulia kwa miguu, gari la bi harusi hufuata nyuma yao, na njia nzima watu hutoka majumbani kumwona. Mpiga ngoma kubwa ndiye anayepanga mwendo, naye hana haraka, maana kila penye akina mama wengi husimama akakata kiuno. Kuwapita wapiga tarumbeta ni utovu wa adabu ambao mtaa hausahau. Mwalimu alikuwa amehudhuria harusi mia za namna hiyo. Lakini siku ile mbele ya meza ya fundi aliwaza injini tu, hata harusi yenyewe ikamtoka.

Aikande alikaa mbele, kando ya baba yake, kwa sababu gauni halikupenya kwenda kiti cha nyuma. Tarumbeta zikalia. Mwalimu akaachia klachi kwa uangalifu wote aliokuwa nao, na gari likaruka, likakaribia kumng'oa mpiga tromboni, likazima. Akawasha tena. Likaruka, likazima. Mara ya tatu maua ya boneti yalimwagika na shela likaangukia usukani, mzee akawa haoni mbele. Alipoiacha klachi ishike kabisa, hata gia ya kwanza iliwakimbiza wanamuziki, nao wakaanza kupiga huku wakigeuza shingo kutazama nyuma. Watoto walicheka mpaka wakaketi chini. Mwalimu alilowa jasho, maana mguu ulikuwa umemnyang'anya akili yote. Njia ilikuwa inakwisha na hajasema kitu. Gari likazima tena, akashika ufunguo awashe kwa mara ya nne, na Aikande akamwekea mkono wenye glavu juu ya mkono wake.

"Baba," alisema, "nguvu yako naijua tangu nikiwa mdogo. Leo nipeleke taratibu."

Mwalimu akauacha ufunguo. Injini ikabaki imezimwa. Shangazi zake Aikande, watu sita wenye vitenge vya sare na miili ya kazi, waliona yaliyotokea wala hawakungoja kuitwa. Walivua viatu, wakavipanga ukingoni mwa barabara, wakaenda nyuma ya gari wakasukuma. Mteremko ulikuwa mdogo, nao ukawasaidia. Farasi mia tatu wakapelekwa kanisani na mashangazi sita wanaoimba, kwa mwendo ule ule wa mpiga ngoma, na hakuna ua lililodondoka tena. Ndani ya gari palikuwa kimya kiasi cha mtu kuweza kusikika akinong'ona. Mwalimu alinong'ona. Alisema alimkosea yeye na mchumba wake, na kwamba alikuwa na hofu ya kubaki na nyumba tupu, ndiyo maana alipiga kelele. Aikande alilia na kucheka kwa pamoja, wanja ukaharibika, na walipofika kanisani ilibidi akina mama wamfute uso upya kabla ya kuingia.

Jumatatu Mwalimu alirudi gereji na kuomba ile klachi laini. Fundi Mbaruku aliitoa chini ya meza akaifunga, na injini haikupunguzwa hata farasi mmoja. Ikaendelea kuwa injini ile ile, inayosikika ng'ambo ya korongo. Kilichobadilika ni kwamba sasa iliweza kwenda pamoja na watu wanaotembea kwa miguu.

Nanyi mnaonisikiliza, baba wa nyumba, mama wa duka, mzee wa kanisa na mkubwa wa ofisi, sijaja kuwaambia mzime injini zenu. Mungu ndiye aliyewapa, na ziko siku za njia ya Himo. Ila niambieni: kati ya nguvu zako na hao unaowapenda, umefunga klachi ya namna gani?