Birika la Somoe

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ya wenye usingizi! Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakitusemesha, paliondokea binti akiitwa Somoe. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuchora, na mdomo wake mwepesi zaidi kujisifu.

Somoe alimpenda kijana Kombo, akampenda hata chakula hakimpiti. Lakini desturi ya kwao ilikuwa hii: posa haipokelewi mpaka wazee wa pande mbili wanawishwe kwa mabirika mawili yaliyo sawasawa. Pacha lisipopatikana, mposaji hurudi kwao akangoja mwaka mzima. Nyumbani kwa kina Somoe palikuwa na birika moja tu la shaba, na lilikuwa mwiko kulivusha mlango. Mfua shaba, Fundi Kima, alikaa ng'ambo ya mto. Basi ikabidi achorewe. Na Kima yule hakuwa na maswali. Alichochorewa ndicho alichokifua.

Shangazi yake Somoe, Bi Mkasi, akamwekea birika mbele. "Zimebaki siku saba posa ije, mwanangu. Litazame, ulichore."

"Nilitazame la nini, Shangazi? Nalijua, nalijua, nalijua kama kiganja changu!"

Akaligeuzia mgongo, akachora kwa makaa juu ya ngozi. Kunguru, aliyekuwa mjumbe wao, akaipeleka kwa Kima, akarudi na birika jipya. Lo! Somoe alijua mdomo wa birika ni duara, basi alichora duara zima. Kima naye, kwa kuwa duara lilimkabili, akautoboa mdomo ubavuni. Shangazi alipotia maji, yote yakamwagikia miguuni.

"Hili la kunawia au la kuogea?" akauliza Kunguru, akacheka.

"Nimeteleza tu," akasema Somoe. "Nalijua, nalijua, nalijua kama kiganja changu!"

Akachora tena. Tangu utotoni alilibeba birika kwa kishikio chake, basi kishikio akakichora kinene kama mguu wa ndovu. Birika lilipoletwa, watu wawili hawakuweza kuliinua. Kunguru aliyelibeba alilala siku nzima akiugulia shingo.

Zikabaki siku mbili. Somoe akaenda nyuma ya jiko akalia kweli, maana mwaka bila Kombo aliuona mrefu. Kinyonga alikuwa juu ya ua.

"Unalia nini, binti, nawe hujatazama?"

"Nalijua, Mzee Kinyonga! Nalijua, na..."

"Ndiyo maana hulioni. Sahau kwamba ni birika. Fumba jicho moja, nyoosha mkono, pima kwa unyasi: shingo inaingia mara ngapi katika tumbo? Kishikio usikichore. Chora uwazi ulio kati yake na tumbo. Tazama mara kumi, chora mara moja."

Somoe akarudi akaketi mbele ya birika, akafumba jicho. Kumbe kutoka alipoketi, mdomo ulikuwa umesinyaa kama jicho la mtu anayesinzia! Kumbe kishikio kilikuwa chembamba! Kumbe palikuwa na kibonyeo ubavuni, naye hakukiona tangu azaliwe. Akaona aibu, akakichora nacho, na Kunguru akapeleka.

Siku ya posa mabirika yakawekwa mkekani, na hata Shangazi akayachanganya. Wazee wakanawa, wakaridhika. Somoe akaitwa aseme mwenyewe kama anamtaka Kombo.

Lakini mazoea yana tabu. Somoe akafumba jicho moja, akanyoosha unyasi, akampima mchumba kutoka utosini hadi kidevuni. Kombo jasho likamtoka.

"Shangazi! Sikio lake la kushoto limelizidi la kulia!"

Kombo akaliziba sikio kwa kiganja.

"Kwa hiyo humtaki?" Shangazi akauliza kwa hofu.

"Namtaka, Shangazi, namtaka mno," akasema Somoe. "Siku zote nilikuwa namjua tu. Leo nimemwona."

Hadithi yangu imeishia hapo. Nawe uliyeketi pembeni, acha kupapasa masikio yako. Yako sawa, yanakaribiana.